Maombi Yasiyo na Mwenyewe

Chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, mwaka 2006, Lusiana Jonasi alirudi kwao Naipingo akiwa na begi moja la nguo na kisanduku cha CD alichokiviringisha ndani ya khanga ili kisilowe. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Basi lilikwama kabla ya Masasi, abiria wakashuka kusukuma, na alipofika nyumbani alikuwa na matope hadi magotini.

Aliyempokea kwanza ni mjomba wake, Fortunatus. Kwa Wamakonde mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake, na Fortunatus hakuwa mtu wa kuiacha kauli yake ilale.

"Chuo kimefungwa," aliuliza, "au umefukuzwa?"

"Shikamoo, mjomba. Kimefungwa."

"Marahaba. Na hicho ulichokumbatia?"

"Kazi yangu."

"Kazi iko shambani. Ufuta unakaribia kukatwa."

"Ufuta nitakata," Lusiana alijibu, "na hii nitafanya."

Mama yake, Klementina, alisikia akiwa jikoni, akacheka kwa sauti ya chini. Alimjua mwanawe.

Baba yake Lusiana alivuka Ruvuma akiwa kijana, wakati wa vita vya Msumbiji, akapata kipande cha pori Naipingo na kukigeuza shamba la mikorosho. Lusiana alizaliwa hapo, akasoma hapo, na alipofaulu kwenda sekondari Nachingwea ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa nyumba ile kulala bweni. Huko walimkumbuka kwa jambo moja. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa hesabu aliandika jibu ubaoni, Lusiana akanyoosha kidole na kusema si sahihi. Mwalimu alimwonesha kitabu. Lusiana akasema basi na kitabu kimekosea. Akatolewa nje apige magoti juani. Aliporudiwa baadaye, alikutwa ameshalifanya lile swali kwa njia nyingine, kwa kijiti, kwenye mchanga mbele ya magoti yake. Mwalimu aliusoma ule mchanga kwa muda, kisha akamwambia, "Inuka, ingia ndani." Hakusema kwamba alikosea. Lusiana naye hakusema ahsante.

Ni huyo huyo aliyekwenda kusomea uhandisi wa kompyuta Dar es Salaam.

Mwaka wake wa mwisho aliwekwa kwenye kikundi cha Dakta Jamali, mhadhiri aliyeheshimika sana chuoni. Dakta Jamali na wenzake walikuwa wametengeneza programu waliyoiita kiigizi. Kiigizi kinajifanya kompyuta. Ndani yake kuna prosesa, ile sehemu inayotekeleza maagizo, isiyo ya chuma, na kumbukumbu isiyo ya chuma, na mtu akiingiza programu yake humo anaweza kuona jinsi ambavyo ingefanya kazi kwenye kompyuta ambayo bado haijaundwa na mtu yeyote. Kila prosesa inapohitaji kitu, inatuma ombi kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu inajibu. Mwishoni kiigizi kinatoa jumla ya maombi yote. Maombi yakiwa mengi mno, kompyuta inakuwa nzito, na aliyeandika programu anaambiwa akajirekebishe.

Aliyekuwa akiambiwa hivyo kila wiki ni Biasha.

Biasha alitoka Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, binti wa wakulima wa Kimwera wenye ufuta na korosho tangu enzi za mababu. Yeye na Lusiana walikutana chuoni wakagundua kwamba wanatoka upande mmoja, wakawa ndugu. Biasha alikuwa ameandika programu ya kuchambua rekodi za mvua kutoka vituo mbalimbali ili kuonesha wapi ukame unakuja. Ilikuwa programu nzuri. Lakini ikiingizwa kwenye kiigizi, jumla ya maombi ilikuwa ya kutisha.

"Programu yako inakula kumbukumbu," Dakta Jamali alimwambia mbele ya kikundi kizima. "Umeandika ovyo. Kaandike tena."

Biasha aliandika tena. Jumla ikashuka kidogo tu. Akaandika mara nyingine, safari hii akaondoa nusu ya vituo vya mvua ili aone. Jumla haikutikisika. Dakta Jamali alitikisa kichwa, akasema kwamba wengine wangefaa zaidi kwenye fani nyingine, na kwamba kazi ile haitapita.

Lusiana alisimama. "Dakta, amepunguza kazi nusu na maombi hayakupungua. Basi kuna mwingine anayeomba."

"Mwingine yupi? Humo ndani kuna programu moja tu."

"Ndiyo nataka kujua."

"Jumla inatoka kwenye kumbukumbu yenyewe, Lusiana. Kumbukumbu haidanganyi."

"Haidanganyi. Ila haijaulizwa nani katuma."

Wenzake waliinamisha macho. Dakta Jamali hakufoka. Alisema taratibu kwamba kiigizi ni mali ya idara, kwamba wanafunzi wanakitumia na si kukifungua, na kwamba Lusiana ana mada yake mwenyewe inayomsubiri. Jioni hiyo hiyo Lusiana alikwenda maabara, akanakili kiigizi chote kwenye CD, na misimbo yake yote, yaani yale maandishi yaliyokiunda. Haikuwa siri, misimbo ilikuwa wazi kwa kila mwanafunzi wa kikundi. Kilichokatazwa ni kuigusa. Siku chache baadaye mgomo ukaanza, na chuo kikafungwa.

Naipingo hakukuwa na umeme. Nachingwea mjini ulikuwepo, ukija na kuondoka utakavyo. Karibu na soko kulikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi, la mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Samia, na ndani yake kompyuta moja yenye monita kubwa kama jiko. Lusiana alikwenda akajieleza.

"Unataka kompyuta yangu ufanyie nini?" Bi Samia aliuliza.

"Kutafuta kosa ambalo si letu."

"Na mimi napata nini?"

"Asubuhi nitakuchapia kazi za wateja. Nachapa haraka kuliko hapa wanavyozoea. Mchana uniachie."

Bi Samia alimpima kwa macho, kisha akampa kadi ya mwaliko wa harusi aichape. Lusiana aliichapa ikaisha kabla Bi Samia hajamaliza kupanga karatasi. Mapatano yakawa hayo. Alifikia kwa shangazi yake mjini. Jumamosi na Jumapili alirudi Naipingo kukata ufuta na kuufunga miganda, na mjomba hakupata pa kumshika.

Lakini palikuwa na jambo lililomkwamisha. CD zilikuwa na kiigizi, hazikuwa na toleo la mwisho la programu ya Biasha. Na hata angelikuwa nalo, angemhitaji mwenyewe, mtu anayejua kila mstari unagusa nini. Simu ya Biasha haikupatikana. Nambilanje mtandao ulikuwa wa kupanda kilimani.

Basi Lusiana akaenda. Alipata lori la kwenda Ruangwa, akalala kwa watu wa kanisani, kesho yake akapata pikipiki ya mtu aliyekuwa akirudi Nambilanje. Alimkuta Biasha uani, anapepeta ufuta na dada zake, ungo mkononi.

Walisalimiana kwa kukumbatiana, Lusiana akapewa maji, akaulizwa habari za safari, za nyumbani, za mama. Kisha Biasha akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Mimi sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Chuoni. Baba ameshaniambia nafasi ya ualimu wa muda ipo shule ya msingi hapa. Nimechoka kuambiwa ovyo mbele za watu, Lusi. Nimeandika mara ngapi? Labda kweli sijui."

"Ulipopunguza vituo nusu, jumla ilishuka?"

"Unajua haikushuka."

"Sasa ungekuwa hujui, kosa lingekuwa lako, na likiwa lako lingeshuka ulipolipunguza. Mtu hawezi kula kidogo na sufuria ikazidi kuisha. Kuna mwingine mezani."

Biasha aliendelea kupepeta. "Na tukikuta ni mimi?"

"Tukikuta ni wewe nitakwambia ni wewe, na utarekebisha. Lakini hutaacha chuo kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima."

Baba yake Biasha, mzee Mohamedi, alikuwa amekaa barazani akisikia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, kilichochanganyika na Kimwera. Aliuliza, "Huyo mwalimu wenu, kakuambieni mtafute?"

"Hapana, baba," Lusiana alijibu. "Katukataza."

Mzee alifikiri. "Mtu akinikataza kuhesabu magunia yangu," alisema, "nayahesabu mara mbili." Akamgeukia binti yake. "Nenda ukahesabu. Ualimu hautakimbia."

Biasha aliweka ungo chini, akaingia ndani kuchukua CD yenye programu yake.

Kazi ile kwenye duka la Bi Samia, mtu akiitazama kwa nje, haikuwa na cha kutazamwa: wasichana wawili mbele ya kioo chenye maandishi meupe juu ya weusi, wakibishana. Wateja walidhani ni mafundi. Bi Samia alivumilia kwa muda, kisha akavuta stuli.

"Nielezeni na mimi, kwa Kiswahili cha watu."

Lusiana alifikiri. "Chukulia kisima, mama. Kijiji kizima kinachota hapo. Aliye kisimani anahesabu ndoo, na kila jioni anasema ndoo ni nyingi, maji yatakwisha. Watu wanamnyooshea kidole Biasha kwa sababu ni yeye aliyejenga mwisho. Lakini ndoo hazina majina."

"Ziandikeni majina."

"Ndiyo tunayofanya."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika misimbo ya kiigizi, ombi lilikuwa na anwani ya kile kinachotakiwa, na alama ya kusoma au kuandika, basi. Lusiana aliliongezea sehemu moja ya jina: nani amelituma. Kila mahali alipoona ombi likizaliwa, akaweka jina. Yale ya kusoma maagizo ya programu, jina lake. Yale ya kusoma na kuandika rekodi za mvua, jina lake. Kisha wakaingiza programu ya Biasha na kusubiri. Kompyuta ya Bi Samia ilikuwa nzee. Kiigizi kilichukua mchana kutwa kufanya kazi ya dakika, na mara mbili umeme ulikatika katikati wakaanza upya. Mara ya tatu walifika mwisho.

Biasha alisoma kioo.

Maombi yote, kila moja lililofika kwenye kumbukumbu kuu, yalikuwa na jina moja. Kache.

"Kache ni nani?" Bi Samia aliuliza.

Kache ni kumbukumbu ndogo iliyo jirani na prosesa. Prosesa inaomba kwanza hapo. Kitu kisipokuwepo, kache yenyewe inakwenda kukiomba kwenye kumbukumbu kuu. Lakini haipeleki ombi lile lile. Inatengeneza jipya, kwa jina lake.

"Ah," Bi Samia alisema. "Muuza maji na mkokoteni wake. Kila siku kisimani anaonekana yeye. Waliomtuma wako majumbani kwao."

Lusiana alimtazama, akapiga meza kwa kiganja. "Muuza maji! Ndiyo huyo huyo. Basi tumlazimishe aseme anampelekea nani."

Siku zilizofuata zilikuwa za kumlazimisha muuza maji. Kache ilipotengeneza ombi jipya, Lusiana aliifanya irithi jina la ombi la kwanza. Hapo wakakuta mengine yasiyorithi chochote: kache ikijaa inarudisha vitu vya zamani kwenye kumbukumbu kuu, na ombi hilo la kurudisha halina aliyelituma. Biasha alisema liandikwe kwa jina la kache, yaishe. Lusiana alikataa.

"Kache haikuandika kitu. Kuna aliyeandika, ikashika tu. Jina ni la aliyeandika mwisho."

"Itabidi kila kitu ndani ya kache kikumbuke nani alikiandika. Unajua ni kazi kiasi gani?"

"Najua. Tukiacha pengo hata moja, Dakta ataingia hapo hapo."

Walizozana mpaka Bi Samia akawatoa nje wakanunue karanga. Waliporudi, Biasha alikaa mwenyewe kwenye kibodi na kuandika ile sehemu, na aliiandika vizuri kuliko ambavyo Lusiana angeweza. Ndipo Lusiana alipoanza kuona, bila kusema, kwamba rafiki yake amerudi.

Kukabaki kundi moja kubwa la maombi ambalo halikuwa na jina hata baada ya hayo yote. Hayakutoka kwenye programu. Hayakuwa ya kurudisha. Lusiana aliamua kulitegea: ombi lolote litakalofika bila jina, kiigizi kisimame pale pale na kuonesha ni mstari gani umeliunda. Kilisimama mapema sana, mwanzoni kabisa mwa programu. Lusiana alisoma mstari ule, akausoma tena, akamwita Biasha.

Ilikuwa sehemu iliyoitwa kitangulizi. Kazi yake ni kubashiri. Prosesa ikisoma kitu, kitangulizi kinadhani itakachotaka baadaye ni kinachofuata, na kinachofuata hicho, na kinakwenda kuviomba mapema ili visubiri. Mtu anayesoma rekodi kwa kufuatana kinamsaidia. Biasha hakuwa akisoma kwa kufuatana. Programu yake ilirukaruka kutoka kituo hadi kituo. Kila mruko, kitangulizi kilikimbilia mbele, kikaomba vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji, kikavijaza ndani ya kache, na kuvisukuma nje vile alivyovihitaji kweli, naye akalazimika kuviomba upya. Alipoondoa nusu ya vituo, miruko ikawa mirefu zaidi na kitangulizi kikazidi kuomba, ndiyo maana jumla haikutikisika.

Juu ya sehemu ile, kama ilivyo desturi, palikuwa na jina la aliyeiandika. Lilikuwa jina la Dakta Jamali.

Biasha alijishika mdomo. "Lusi. Hapana. Tuache."

"Tuache nini?"

"Tuseme tu kwamba programu yangu tumeirekebisha. Tutafute njia ya kukwepa. Hatuwezi kwenda kumwambia yule mtu kwamba ni yeye."

"Kwani tunamwambia ni yeye? Tunamwambia ni kitangulizi."

"Ni kitu kimoja kwake."

"Basi hilo atahangaika nalo mwenyewe," Lusiana alisema. "Wewe ulisimamishwa mbele za watu kwa jina lisilo lako. Mimi silinyamazii."

Walikipa kitangulizi jina lake na kuendesha tena. Zaidi ya nusu ya maombi yote yalikuwa yake. Ila palikuwa na kipande kingine, si kidogo, chenye jina la programu yenyewe, na Lusiana alikifuata hadi mstari wake. Kila Biasha alipohama kituo, alikuwa akinakili rekodi zote za kituo kwenda mahali pengine kisha akizisoma kutoka huko, bila sababu.

"Hii," Lusiana alisema, "ni yako."

Biasha alinuna. Alitoka, akakaa kwenye ngazi ya duka, akatazama watu wanaotoka sokoni. Lusiana hakumfuata wala hakumbembeleza. Baada ya muda Biasha aliingia, akaifuta ile sehemu ya kunakili, akaandika mpya. Jumla ikashuka, kwa mara ya kwanza tangu waanze, na wote watatu wakaiona ikishuka. Bi Samia alipiga kigelegele kimoja kifupi, mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama kuna harusi.

Chuo kilifunguliwa ufuta ukiwa umeshaanikwa. Siku ya kuwasilisha kazi, Lusiana alisimama mbele ya jopo la wahadhiri, na badala ya mada aliyopewa akaonesha maombi ya kumbukumbu na majina ya waliotuma. Dakta Jamali alikaa katikati ya jopo. Alimwacha afike katikati, kisha akanyanyua mkono.

"Nani alikuruhusu kufungua kiigizi?"

"Hakuna aliyeniruhusu."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, Dakta."

"Na mada yako?"

"Sikuifanya yote. Nimefanya hii, kwa sababu mwenzangu alikuwa anafelishwa kwa hesabu ambayo hatukujua ni ya nani."

Mmoja wa wajumbe alipendekeza aondoe sehemu ile, arudi baada ya wiki moja na mada yake halisi, na suala liishie hapo. Ilikuwa nafasi ya kutokea, na kila mtu chumbani alijua.

"Siiondoi," Lusiana alisema. "Kama ina kosa, mnioneshe kosa nitalitoa. Kama haina, itabaki."

Hapo Dakta Jamali, ambaye alikuwa mtu wa kiburi lakini pia mwanasayansi, aliinama mbele na kuuliza swali la kweli. "Umeongeza vitu ndani ya kiigizi. Utajuaje kwamba majina yako yenyewe hayaongezi maombi?"

Lusiana alilisubiri swali lile tangu Nachingwea. Alionesha jumla ya kiigizi cha zamani na jumla ya kiigizi chenye majina, kwa programu ile ile. Zilikuwa sawasawa, hazikupishana hata ombi moja. Kisha akakizima kitangulizi mbele yao na kuendesha programu ya Biasha. Wakasubiri. Jumla ilitoka chini ya nusu ya ile ya awali.

Dakta Jamali alivua miwani. "Kwenye programu nyingine kinasaidia," alisema.

"Kinasaidia. Nimezipima nazo, zimo humo. Kwenye yake kinaharibu."

Akaivaa tena miwani. Hakumsifu. Lakini Biasha alipoingia baada yake, hakuna aliyemwambia ovyo tena. Alipita, na alipita vizuri.

Lusiana alipita kwa kuchechemea. Jopo lilimpunguzia alama kwa kutomaliza mada yake na kwa kukiuka maelekezo, na hakupinga. Alisema mada kweli hakuimaliza. Baada ya mahafali aliitwa ofisini kwa Dakta Jamali. Idara ilikuwa inatafuta mhadhiri msaidizi. Dakta alisema, bila kumwangalia usoni, kwamba majina yale ya maombi sasa yameshawekwa kwenye kiigizi cha idara, kwamba kikundi kinayatumia, na kwamba nafasi inaweza kuwa yake kama atakwenda kuomba radhi kwa jopo.

"Kwa kosa gani, Dakta?"

"Kwa kukaidi."

"Naweza kuomba radhi kwa kutomaliza mada. Kwa kuuliza nani katuma, siwezi."

"Lusiana, ni maneno tu. Dakika moja."

"Kama ni maneno tu," alisema, "tusiyaseme."

Alimshukuru kwa swali alilouliza siku ile, maana lilikuwa swali zuri, akaondoka. Alilia kwenye ngazi za jengo, bila kujificha, watu wakimpita. Aliitaka ile nafasi. Aliitaka kuliko kitu chochote. Kisha akapangusa uso kwa ncha ya mtandio na kwenda kutafuta tiketi ya basi la kusini.

Mjomba Fortunatus hakukosa la kusema. "Umesoma miaka yote hiyo, umepewa kiti, umekataa kukikalia. Kwa sababu ya neno moja."

"Ndiyo, mjomba."

"Hujuti?"

"Najuta sana," Lusiana alijibu. "Na ningefanya vile vile."

Klementina, aliyeshinda akichambua mbaazi bila kuingilia, alimwambia kaka yake kwa Kimakonde kwamba inatosha, mtoto ameshakula kiapo, amwache ale na chakula. Ikaisha hivyo.

Biasha alipata kazi Dar es Salaam, ya kompyuta na takwimu za hali ya hewa. Lusiana aliajiriwa kufundisha hesabu kwenye sekondari moja ya kwao, wilayani Nachingwea. Mwaka 2008 shule ililetewa kompyuta chache za msaada. Mkuu wa shule alizifungia chumba kimoja na kupanga kwamba zitatumiwa na wavulana wa mchepuo wa sayansi, kujifunza kuchapa. Wasichana, alisema, wataingia zikipatikana nyingine.

Lusiana alimfuata ofisini na kumwambia kwamba darasa lake la hesabu linaongozwa na wasichana. Mkuu alisema utaratibu ni utaratibu. Lusiana akamwambia sawa, utaratibu ubaki hapa shuleni. Jumamosi iliyofuata akawachukua wasichana wake kwa Bi Samia, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenunua kompyuta ya pili, na kuanza nao. Hakuwafundisha kuchapa. Aliwafundisha kutengeneza prosesa ndogo isiyo ya chuma, inayojumlisha na kuomba vitu kwenye kumbukumbu.

Waliendelea hivyo muhula mzima. Jumamosi moja mkuu wa shule aliingia dukani kutoa fotokopi za mtihani. Aliwakuta wamejazana mbele ya vioo viwili, na mmoja wao, Zaina wa kidato cha tatu, amesimama akimweleza mwenzake kwa nini mashine yao imekwama.

"Mwalimu Lusiana," mkuu alisema. "Tulikubaliana nini?"

"Hatukukubaliana, mkuu. Uliamua. Mimi nikakusikia."

"Hawa wanatakiwa wawe nyumbani wakisaidia wazazi."

"Wazazi wao wanajua wako hapa. Nimepita nyumba kwa nyumba."

Mkuu alimgeukia Zaina, pengine akidhani huko ni rahisi zaidi. "Na wewe, hizi kompyuta zitakusaidia nini huko kwenu Mbwemkuru?"

Zaina alimtazama mwalimu wake. Lusiana hakumpa jibu lolote, hata kwa macho.

"Bado sijajua, mwalimu," Zaina alisema. "Ndiyo tunaifungua mashine tuone. Samahani, umesimama kwenye waya."

Mkuu aliinua mguu. Waya ule kweli ulikuwa umechomoka. Zaina aliinama, akauchomeka, kioo kikawaka, na wenzake wakasogea karibu. Bi Samia alimkabidhi mkuu bahasha yake yenye mitihani, akamwambia kwa adabu zote kwamba fotokopi zake ziko tayari, na akamfungulia mlango.